Ukuta wa ushirika: shajara ya matengenezo ya nyumba ya mama, Mji Mkongwe

Jumamosi, 17 Februari 2024

Jirani ameanza kazi leo. Tangu asubuhi nyundo zinalia juu ya paa lake na vumbi la kutu linaangukia uani kwetu. Ami alikuja mwenyewe juzi kumpa mama habari: anabadilisha mabati yote kabla ya masika, na akishamaliza atapiga lipu sehemu ya juu ya ukuta, pale ulipomenyeka. Mama akamwombea wepesi. Si ami yetu wa damu, lakini tangu tukiwa watoto tunamwita hivyo, na nyumba yake na yetu zimeshikana kwa ukuta mmoja wa mawe na chokaa, unene wake unapita dhiraa. Boriti za chumba cha mama zimeegemea humo kwa upande huu, na boriti za chumba chake kwa upande wa pili.

(Tarehe hii na inayofuata nimezijaza baadaye kutokana na picha zilizomo kwenye simu. Daftari nimelianza Aprili, mambo yalipoharibika.)

Jumamosi, 23 Machi

Mvua kubwa ya kwanza, tumo ndani ya Ramadhani. Mama kaniita baada ya futari nikaangalie juu ya kidaka, kile kishimo cha ukutani anachowekea vyombo vyake. Pana doa la rangi ya chai, upana wa kiganja. Nimepiga picha. Kaka amesema ni mvuke wa jikoni. Jiko letu liko chini, upande wa pili wa nyumba.

Jumapili, 14 Aprili

Usiku wa kuamkia leo lipu ya juu ya kidaka imeanguka. Mama alikuwa ameamka kwa ajili ya swala, yumo ukumbini, ndiyo maana hakuwa kitandani. Kipande kikubwa kama sinia kimeshuka na kuvunja sahani mbili na bakuli la kichina aliloachiwa na bibi. Nyuma ya lipu mawe yako mabichi, ukigusa kidole kinatoka na maji. Kuna ufa pia, unaanzia kwenye dari na kushuka kwa mshazari mpaka kwenye kona ya kidaka.

Mama hakulilia vyombo. Aliuliza swali moja tu: boriti je? Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili kufariki, hakuna mzee wa mtaa huu anayesikia jiwe limeanguka usiku akarudi kulala. Jumba lile la Sultani Barghash lilikuwa limesimama tangu 1883, na sehemu hiyo ilianguka likiwa katika matengenezo. Nimemhamishia mama chumba cha mbele.

Mchana nilivuka kwa Ami. Alisikitika, akaja kuona, akatoa pole. Kisha akasema: "Mwanangu, ukuta huu mzee kuliko mimi. Umechoka." Kuhusu kazi yake ya Februari, alisema mafundi walikuwa upande wake, hawakugusa kwetu hata kwa kidole. Na ni kweli, hawakugusa.

Kaka anataka twende Mahakama ya Ardhi wiki hii hii. Nimemwomba subira ya siku tatu. Tukienda leo tutasema nini? Kwamba kulinyesha, na ukuta ukaloa?

Jumanne, 16 Aprili

Nimemleta fundi wa chokaa, mtu mzima, amefanya kazi ya nyumba hizi tangu kijana. Sijapata kuona mtu akisoma ukuta namna ile. Aligonga kwa kifundo cha kidole kutoka chini hadi juu, akitia alama ya mkaa kila panapolia kama ngoma. Alikwangua unga mweupe juu ya jiwe akauonja kwa ncha ya ulimi: chumvi. Akachukua kisu chembamba akakichomeka kwenye vichwa vya boriti, mahali zinapoingia ukutani. Boriti tano, kisu kiligonga kikakataa. Mbili, kiliingia kama kwenye muhogo uliochemshwa.

Aliyonieleza nayaandika kama nilivyoyaelewa, kwa sababu ndiyo msingi wa yote. Jiwe letu ni la matumbawe, lina matundu, linanyonya maji. Waliojenga walilijua hilo, wakalifunika kwa chokaa, na chokaa nayo inapitisha: maji yanaingia kidogo mvua ikinyesha, jua likitoka yanatoka. Ukuta unapumua. Ukiupaka saruji, unakuwa umeuvalisha mpira. Maji yakipata njia ya kuingia, hata iwe nyembamba kama uzi, njia ya kutoka hakuna. Yanazunguka ndani, yanayeyusha chumvi ya mawe, na pale yanapofanikiwa kukauka chumvi inabaki nyuma ya lipu, inaganda, inavimba na kuisukuma. Kwa hiyo lipu haianguki kwa uzee. Inasukumwa.

"Sasa maji yanaingilia wapi?" nilimuuliza. Akasema hilo hajibu mpaka apande juu, na juu ni kwa watu.

Alhamisi, 18 Aprili

Ami ameruhusu. Tulipanda wanne: fundi, mimi, Ami na kijana wake. Haikuchukua muda. Paa la zamani la Ami lilikuwa na mlizamu wa bati uliopokea maji ya upande wetu na kuyamwaga kichochoroni. Mlizamu ule ulikuwa umeoza, mafundi wakaung'oa pamoja na mabati, wakaahidi kurudisha mpya. Hawakurudi. Mabati mapya yameishia shubiri moja kabla ya ukingo wa ukuta, kwa hiyo maji ya nusu ya paa zima yanatua juu ya kichwa cha ukuta wetu wa ushirika. Na kichwa hicho wamekipiga saruji. Saruji imekauka haraka juani, imepasuka mstari mrefu, na mstari huo ndio uzi wenyewe.

Ami aliangalia kimya. Kijana wake ndiye aliyebisha: maji ya juu yatafikaje chini kwenye kidaka, mbali vile? Fundi akasema tusibishane, tuulize maji. Siku ilikuwa kavu. Alitaka ndoo mbili na rangi ya biriani. Akakoroga, akamimina taratibu kwenye ufa wa juu, kata kwa kata, muda mrefu kama wa kunywa chai bila haraka. Tukashuka sote chumbani kwa mama.

Tulikaa. Adhuhuri ikaadhiniwa, wakaenda kuswali wakarudi. Kabla ya alasiri, pembeni mwa boriti ya tatu, jiwe lilianza kubadilika rangi. Kwanza nilidhani ni macho yangu. Kisha tone la manjano ya kuiva likajikusanya, likashuka kwa njia ile ile ya ufa mpaka kwenye kona ya kidaka.

Ami alilifuta kwa kidole chake akakitazama. Alichosema nakiandika kama kilivyo: "Haya ni maji yangu."

Sijui kama kuna hakimu angenipa neno zito kuliko hilo.

Jumamosi, 20 Aprili

Kikao kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia yetu. Waliohudhuria: sheha, Ami na kijana wake, mimi, kaka, fundi, na wazee wawili wa mtaa. Picha zangu za Machi nilizipeleka zikiwa na tarehe, lakini hazikuhitajika sana, habari ya maji ya manjano ilishatutangulia barazani.

Nilidhani kikao kitakuwa kifupi. Ami amekiri, alipe, tumalize. Ila fundi alikuwa na la kuongeza, na alilisema mbele ya wote bila kunitayarisha. Alisema alipochunguza lipu iliyoanguka aliona ni saruji, si chokaa. Upande wetu pia. Marehemu baba aliipiga miaka ya tisini, nakumbuka, alifurahi kwamba ni ngumu na haitoi unga kwenye nguo. Kwa hiyo maji ya Ami yaliingia kwa juu, lakini yalinaswa ndani kwa sababu pande zote mbili zimefungwa. Kwa maneno ya fundi, kama upande wenu ungekuwa chokaa, mngepata doa na kubabuka kidogo, na boriti zingekuwa na pa kupumulia.

Kaka alikasirika, akamwuliza fundi analipwa na nani. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshakishika kile kipande cha lipu mkononi na kukiona kwa macho yangu. Ni cha kijivu.

Mzee mmoja akakumbusha hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, kwamba jirani asimzuie jirani yake kupachika ubao katika ukuta wake. Akasema mtu akishapachika boriti kwako na wewe ukapachika kwake, huo ukuta hauna nje. Kila upande ni ndani ya nyumba ya mtu. Nimeyafikiria maneno hayo njia nzima.

Tulikubaliana hivi. Ami anaweka mlizamu mpya mara moja, kabla ya jambo lolote, na kuvunja saruji ya kichwa cha ukuta. Boriti mbili zilizooza ni zake kununua na kuzipachika, pamoja na vyombo vya mama vilivyovunjika, ingawa mama amekataa kutaja bei ya bakuli. Sisi tunabandua saruji ya baba kwa gharama yetu. Lipu mpya ya chokaa ya chumba tunagawana nusu kwa nusu. Hesabu ya fundi ilifika shilingi 3,850,000: Ami 2,400,000, sisi 1,450,000. Sheha aliandika nakala mbili, tukasaini, mashahidi wakasaini. Kaka alisaini wa mwisho.

Sheha alisisitiza kibali. Ndani ya Mji Mkongwe huwezi kuvunja wala kubadilisha ukuta bila Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kujua. Chombo hicho kipo tangu 1985, na tangu 2000 mji wenyewe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Ami alikuwa na ruhusa ya mabati tu. Tumepeleka ombi moja kwa majina mawili.

Jumamosi, 27 Aprili

Mlizamu umewekwa. Mrefu, una mteremko mzuri, unamwaga kichochoroni penye mtaro. Kichwa cha ukuta kimefunikwa turubai kwa sasa. Chumbani fundi amesimamisha magogo matatu chini ya boriti, na juu ya ufa amegundisha vipande viwili vya kioo chembamba, kila kimoja kimeandikwa tarehe. Kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea hata unywele, kinakatika.

Jumamosi, 4 Mei

Jana na leo habari ni Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari kwa pwani yote, upepo umevuma usiku kucha na mvua juu yake. Sikulala. Saa tisa za usiku nilisikia vishindo juu ya paa, nikatoka na tochi, nikamkuta Ami yuko juu, na umri ule, anafunga kamba za turubai. Kijana wake alikuwa ameshika mguu wa ngazi. Nilipanda nikashika upande wa pili.

Asubuhi: vioo vyote viwili vizima. Jiwe la kona ya kidaka limelowa kidogo, si kama Aprili.

Jumamosi, 25 Mei

Mkaguzi wa Mamlaka alikuja wiki iliyopita, akaona, kibali kimetoka chenye masharti: chokaa tupu, saruji hapana, na boriti ziwe za mkoko kama zilizokuwepo. Tumeanza kubandua. Kazi ya tindo na nyundo ndogo, pole pole, kwa sababu saruji imelishika jiwe kwa nguvu kuliko jiwe lenyewe linavyojishika, ukiivuta inakuja na nyama. Siku sita kwa watu wawili, ukuta wa chumba kimoja. Mama alikuja kuangalia mawe yakiwa wazi, makubwa kwa madogo, yenye alama za matumbawe kama maua. Amekaa nyumba hii miaka hamsini na hajapata kuyaona.

Jumamosi, 13 Julai

Hakuna kinachoendelea, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ukuta unakaushwa. Kipupwe kimetusaidia, madirisha ya pande mbili yako wazi na kusi inapita chumbani mchana kutwa. Chumvi inachanua juu ya mawe kama ukungu mweupe. Kila Jumamosi naipangusa kwa brashi kavu na kuizoa kwenye gazeti. Fundi amenikataza kabisa kuiosha, maana ukiiosha unairudisha ndani. Jumamosi ya kwanza ya Juni nilizoa vikombe viwili vya chai. Leo hata kijiko hakijajaa.

Kaka anauliza kila siku kwa nini tusipige lipu tumalize, mama arudi chumbani kwake. Namwelewa. Mama mwenyewe haulizi.

Jumamosi, 10 Agosti

Boriti zimepatikana. Hili ndilo lililotuchelewesha zaidi, kwani ukataji wa mikoko unataka kibali na huwezi tu kwenda kuagiza. Ami alizipata kwa mtu aliyehifadhi miti ya nyumba iliyobomolewa. Ni za zamani, nyeusi, nzito, zimeshakauka kwa miaka mingi, na fundi alizigonga akatabasamu. Urefu ulitosha kwa sababu vyumba vya nyumba hizi vyote vinalingana na boriti: mti wa mkoko hauvuki sana mita tatu, na mwenye kujenga alikuwa anaanza na mti ndipo apime chumba.

Kuzitoa zile mbovu ilikuwa siku ya hofu. Magogo yalishikilia. Kichwa cha boriti ya tatu kilibaki mkononi mwa fundi kama chapati iliyolowa. Mpya zimeingizwa, na vichwa vyake havikubanwa kwa udongo. Fundi ameacha nafasi ndogo pembeni, hewa ipite.

Kijana wa Ami, yule aliyebisha kule juu, amefanya kazi na sisi siku zote tatu bila kuombwa. Amejifunza kushika timazi.

Jumamosi, 7 Septemba

Lipu ya kwanza imepigwa. Chokaa tuliyotumia ililala shimoni zaidi ya miezi mitatu, fundi aliinunua siku tulipotoka kwa sheha akaifunika maji. Ukiikata kwa mwiko inakatika kama siagi. Kipimo: karai moja ya chokaa kwa tatu za mchanga uliochekechwa na kuoshwa kwa maji ya mvua, chumvi isirudi kwa mlango wa nyuma. Ukuta unanyunyiziwa maji kwanza, kisha tabaka jembamba, lisizidi unene wa kidole gumba. Baada ya hapo magunia mabichi yanatundikwa mbele yake na kulowekwa asubuhi na jioni, kwa sababu chokaa ikikauka haraka inapasuka. Saruji hukushikia kesho. Hii inataka wiki, inavuta hewa na kurudi kuwa jiwe.

Ufa umeshonwa kwa vipande vya mawe na chokaa, haukuzibwa juu juu. Kabla ya hapo fundi alivitoa vile vioo viwili akanipa. Vyote vizima, tarehe 27 Aprili bado inasomeka.

Jumamosi, 28 Septemba

Tabaka la pili, na chokaa nyembamba ya mwisho. Chumba kimekuwa cheupe mpaka kinaumiza macho. Ami amemaliza kulipa sehemu yake leo, fedha taslimu mbele ya sheha, nasi tumelipa yetu. Nakala zote mbili zimeandikwa "imekamilika", isipokuwa lipu ya nje ya kichwa cha ukuta, ambayo ina tabaka moja tu kwa sasa.

Kaka alikwenda kwa Ami peke yake baada ya isha. Sikumuuliza walizungumza nini. Alirudi na sahani ya halua.

Jumamosi, 2 Novemba

Vuli imefika. Imenyesha tangu alfajiri mpaka saa nne, mvua nzito ya kujaza mitaro. Nilipanda juu ingali inanyesha: mlizamu unapokea, unamwaga kichochoroni, kichwa cha ukuta kinaloa kwa mvua yake tu. Chumbani nimepitisha kiganja kutoka kwenye dari hadi kwenye kidaka. Pakavu. Karibu na boriti ya tatu pana ubaridi kidogo, fundi amesema ni chokaa changa, nirudie kupima baada ya siku kumi.

Mama amerudi chumbani leo. Vyombo vilivyobaki vimo kidakani, na mke wa Ami ameleta bakuli, si la kichina, la bluu, limekaa pale pale palipokuwa na lile.

Yaliyobaki: kupima ubaridi tarehe 12. Tabaka la pili la chokaa upande wa nje, Januari, jua likitulia. Kusafisha mlizamu mwisho wa Februari kabla ya masika, zamu ya kwanza yetu, ya pili ya Ami.